Kukatika kwa Mtandao: Neno na Waya Wake

Mkazi wa Hasamba, wilayani Mbozi, akisema "mtandao umekatika", hutazama simu, si waya. Hata hivyo kitenzi chake, hadhirina, ni cha zama za waya. Katika Ethernet ya kebo nyembamba, miaka ya 1980, kompyuta ziliungwa mfululizo kwenye kebo moja isiyozidi mita 185, yenye kizibo kila ncha cha kumeza mawimbi yasirudi. Kiungo kimoja kikilegea, ofisi nzima ilikosa mawasiliano. Habu na nyaya zilizosokotwa mbilimbili ziliiondoa adha hiyo; neno likabaki. Wanaotaka lisahihishwe wanaharakisha. Nyuma ya minara mingi zimo nyuzi za kioo. Mkongo wa Taifa huvukia Tunduma kuingia Zambia, nao hukatika kweli.