Mashine inaliona basi, haimwoni wa baiskeli

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipanda basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda nyumbani Same. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumekwisha iacha Hedaru, tunaitafuta Makanya. Nilikaa kiti cha mbele, macho wazi, maana mimi na usingizi wa kwenye basi hatupatani. Kila dereva alipokanyaga mafuta kupita kiasi, kifaa kilichofungwa ndani ya basi kililia kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake, naye akapunguza. Nikasema moyoni, kumbe tumepiga hatua.

Mara taa zikamwangukia mtu wa baiskeli. Hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma, kwa sababu magunia aliyofunga nyuma yalikuwa makubwa kuliko yeye. Baiskeli haikuwa na taa, wala kile kioo chekundu cha nyuma. Dereva akapiga honi, yule bwana akajitupa majanini pamoja na mzigo wake, sisi tukapita. Kifaa hakikulia, na hakikuwa na sababu ya kulia. Tulikuwa ndani ya kilomita 80 kwa saa ambazo sheria inaliruhusu basi likiwa nje ya makazi. Katika kumbukumbu za mashine ile, alfajiri ile hapakutokea kitu.

Kifaa ninachokisema ni cha ule mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ambao wengi tunauita VTS. Ulianza enzi za SUMATRA, na tangu mwaka 2019 umekuwa mikononi mwa LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kinapokea ishara za setilaiti, kinaandika basi liko wapi na linakwenda mwendo gani, kisha kinapeleka habari hizo ofisini. LATRA imewahi kuyasimamisha mabasi ambayo vifaa vyake vilikutwa vimechezewa. Kwa hiyo si pambo.

Wala sina nia ya kukibeza. Mtu wa Same hawezi kubeza jambo lolote linalopunguza ajali. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba pale pale Same, basi na basi dogo yaligongana yakawaka moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Aliyeona siku ile, au aliyezika baada ya siku ile, hatamwambia mtu aondoe mashine kwenye basi.

Ninachouliza ni kingine: mashine hii inamlinda nani? Inawalinda waliomo ndani ya basi, jambo jema. Wa nje ya basi hayumo katika hesabu yake.

Kumbuka, msikilizaji, kwamba kwa karibu miaka 30 mabasi ya mikoani yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha. Mwaka 2023 Serikali ikaondoa zuio hilo, na Oktoba mwaka huo safari za saa 24 zikaanza. Hoja mojawapo iliyotumika ni kwamba sasa mabasi yanaonekana kwa mitambo. Mimi mwenyewe nimefaidi, nimeokoa siku nzima ya kazi. Lakini wakati abiria tunashangilia, mkulima anayeshuka na ndizi kutoka Suji kuja Makanya hakuulizwa. Yeye alizoea kwamba saa kumi alfajiri barabarani kuna malori na magari madogo, mabasi bado yamelala. Kwa kuamka mapema alikuwa amejinunulia usalama kidogo. Huo umekwenda, na hakuna aliyemletea taarifa.

Nilipofika nikarudi Makanya kumwona mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na moja ambaye baiskeli yake aina ya Phoenix ina umri wa watoto wake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza habari za kifaa kinacholia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, honi naielewa. Honi maana yake toka. Hiyo mashine yenu inaniambia nini mimi?"

Sikuwa na jibu. Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akikuona gizani, sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita 22 kabla mguu haujafika kwenye breki. Basi lililojaa abiria linahitaji makumi ya mita nyingine lisimame, na taa zilizoinamishwa kwa ajili ya gari linalokuja mbele hazimuliki mbali kiasi hicho. Mwendo halali mchana unaweza kuwa mwendo wa kuua usiku, na kifaa kikanyamaza.

Tusidhani jambo hili ni la nchi maskini tu. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe katika jimbo la Arizona, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lenyewe lilimgonga na kumwua Elaine Herzberg, mama wa miaka 49. Alikuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli! Wachunguzi wa usalama wa usafiri wa nchi ile walikuta kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Tatizo ni kwamba haikujua ni kitu gani. Mara ikasema ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Waliyoitengeneza hawakuifundisha kumtegemea mtu wa miguu mahali pasipo na alama za kuvukia. Mwangalizi aliyekuwa kwenye usukani naye hakuwa anatazama barabara. Sasa niambie, kutoka Hedaru mpaka Same watu wangapi wanavukia penye pundamilia? Wamasai na ng'ombe wao?

Hapa kwetu magari yenye akili za namna hiyo yameanza kuingia yakiwa yamekwisha tumika Japani. Nimepanda moja la rafiki yangu, linamsemesha Kijapani kila anapoliwasha. Kama linamwonya kuhusu waenda kwa miguu, hatujui.

Halafu kuna tochi ya askari wa usalama barabarani. Penye makazi mwendo ni 50, na tochi ikiwapo hata mwenye gari binafsi, ambaye hana VTS wala wa kumfuatilia, hunyenyekea. Tochi ikiondoka, madereva hupigiana taa kupeana habari njema. Mjomba anasema watoto wa Makanya wanajua siku ya kuvuka kwa raha: ni siku ambayo askari yupo.

Shirika la Dunia la Afya lilieleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Dar es Salaam shirika la Amend lilizunguka shule zilizo kandokando ya barabara likaweka njia za miguu, matuta, vigingi na alama. Hakuna setilaiti hapo. Watoto walioumia walipungua, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Tuta halichezewi na fundi, na halihitaji mtandao. Tatizo lake ni kwamba halina ufunguzi wa kukata utepe.

Lakini hata VTS yenyewe ingeweza kumfaa mjomba. Kwa kuwa inajua basi liko wapi na linakwenda mwendo gani, inajua pia basi lile lilipita katikati ya Makanya kwa mwendo gani, na si letu tu, bali kila basi lililopita alfajiri mwezi mzima. Serikali ya kijiji ingepewa karatasi hiyo kila mwezi, ikabandikwa ofisini kama matokeo ya mtihani, wanakijiji wangejua pa kudai tuta, taa au njia ya pembeni. Kwa sasa habari hizo zinakwenda kwa mdhibiti na kwa mwenye basi. Sijasikia kijiji kilichoitwa kuonyeshwa.

Kabla ya kuondoka nilimnunulia mjomba kile kioo chekundu, tukakifunga nyuma kwa waya. Kinamfaa gari likitokea nyuma yake. Akiwa anavuka, hakionekani.

Nimewaandikia LATRA kuuliza mwendo wa mabasi yaliyopita Makanya mwezi huu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Watakachonijibu nitakisoma hapa hapa.