Kocha wa Michezo Yote: Emil Liston na Kazi Isiyoonekana kwenye Jedwali



Nimeombwa nianze na fasili. Kocha, mwalimu wa michezo, mratibu wa michezo: wote tunawafahamu, na makabrasha mliyopewa yanawaeleza. Tusonge mbele.

Mwaka 1920 Emil Liston alianza kazi Chuo Kikuu cha Baker, chuo kidogo cha Wamethodisti huko Baldwin City, jimbo la Kansas, Marekani. Alifundisha futiboli ya Kimarekani, akafundisha na mpira wa kikapu, huku akiongoza idara ya michezo. Katika vyuo vidogo hilo halikuwa ajabu. Kocha Phog Allen naye, akiwa chuo cha Warrensburg, Missouri, alibeba futiboli na kikapu.

Sasa nije kwenye kero yangu. Mwanafunzi akiandika tasnifu kuhusu kocha, huniletea jedwali: kashinda ngapi, kafungwa ngapi, basi. Kazi yenyewe iko wapi? Kwa Liston, jedwali linaficha jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 1935 mashindano ya kikapu ya AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, yalihama Kansas City kwenda Denver, na mji ukabaki na ukumbi mpya usio na mashindano yake makubwa. Liston na wenzake, James Naismith mwenyewe, aliyebuni kikapu, akiwamo, wakaona nafasi. Mwaka 1937 wakaita timu 8 za vyuo kwenye mashindano yao wenyewe. Warrensburg wakatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata zikawa 32. NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, walianza yao mwaka 1939, kwa timu 8. Wadogo walitangulia, jamani!

Hata doa halimo kwenye jedwali. Wachezaji weusi walizuiwa kwenye mashindano hayo ya vyuo vidogo hadi mwaka 1948, Liston akiwa mtendaji mkuu wa chama kilichoyaendesha. Katazo liliondolewa baada ya Chuo cha Manhattan cha New York kugoma kushiriki, na Clarence Walker, mchezaji mweusi wa Indiana State, akaingia uwanjani. Mambo haya hujulikana kwa barua na kumbukumbu za vikao. Kwetu je? Katika chuo kimoja, nisichokitaja, niliuziwa maandazi kantini yamefungwa kwa ratiba ya ligi ya vyuo, saini ya kocha ikiwa imelowa mafuta.

Napendekeza, kwa maoni yangu binafsi wala si ya taasisi yangu, kila chuo kifungue faili la kocha: barua, ratiba, orodha za safari. Kocha wa michezo miwili apunguziwe vipindi darasani. Wasimamizi wa tasnifu wakatae jedwali tupu. Kocha akistaafu, faili libaki chuoni. Akihamishwa, pia libaki. Vyuo vidogo visisubiri kualikwa, viandae mashindano yao na vitunze kumbukumbu zake, yaani faili, kama nilivyosema. Masjala nayo ipewe kabati lenye kufuli, na kwa hilo hatuhitaji kusubiri bajeti ya mwakani.