Mifugo na Ua wa Milozi katika Rasi ya Tumaini Jema, 1652 hadi 1660



Katika habari za kuingia kwa Wazungu barani mwetu tumezoea kusoma juu ya bunduki, mikataba na bendera, ilhali mambo ya ng'ombe, nyasi na nyua hupitiwa upesi, kana kwamba ni shughuli za wachungaji tu zisizostahili kalamu ya mwanahistoria. Rai yangu ni kwamba katika Rasi ya Tumaini Jema ardhi ilighusubiwa kwanza kwa njia ya malisho, na kwamba ua uliopandwa huko mwaka 1660 watueleza habari hiyo waziwazi kuliko hati yoyote ya serikali.

Jan van Riebeeck, aliyeshuka Ghuba ya Meza mwezi wa Aprili 1652 kwa amri ya Kampuni ya Uholanzi ya Uhindi ya Mashariki, hakutumwa kujenga dola. Alitumwa kuwapatia mabaharia waliosafiri baina ya Uholanzi na Batavia maji, mboga na nyama mbichi, kwani kiseyeye kilikuwa kikiwaangamiza baharini. Nyama hiyo ilikuwa mikononi mwa Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo, ambao walikuwa radhi kubadilisha baadhi ya wanyama wao kwa shaba na tumbaku, walakini si kwa wingi ule ulioitosha tamaa ya Kampuni. Na mfugaji gani atakayeuza mitamba yake yote, hali kundi ndilo akiba na heshima ya jamaa zake?

Watu hawa walihamahama kwa majira, wakifuata nyasi na maji, lakini kuhama kwao hakukuifanya nchi kuwa haina mwenyewe, kwa maana kila kundi lilijua malisho yake na visima vyake. Nyua walizijua pia. Walizijenga kwa miiba ili kulaza mifugo usiku, wala haikuwapitikia kwamba mtu angeweza kuyafungia malisho yenyewe.

Mwaka 1657 Kampuni iliwaachilia baadhi ya watumishi wake, ikawagawia mashamba kando ya mto Liesbeek ili walime ngano. Bonde lile lilikuwa na majani mazuri na maji, na plau zilipoligeuza kuwa konde, wachungaji waliorudi na makundi yao walikuta njia za kuendea mtoni zimezibwa. Vita vilizuka mwaka 1659. Doman, mkalimani aliyepata kufika Batavia na kuwajua vema Waholanzi, aliwaongoza wenzake kushambulia siku za mvua, wakati tambi za bunduki zisiposhika moto, na kuteka hasa maksai wa kulimia. Waandishi wa Kampuni waliuita wizi. Mimi nauona kuwa ni shauri la vita lililopimwa sawasawa, kwani pasipo maksai hapana plau, na pasipo plau hapana shamba la mlowezi.

Katika mazungumzo ya amani ya mwaka 1660 Wakhoikhoi waliuliza: ikiwa malisho hayatoshi pande zote mbili, nani apaswaye kuondoka, mwenye nchi au mgeni? Waliuliza pia kama wao wangeruhusiwa kutenda vivyo hivyo huko Uholanzi. Van Riebeeck, ambaye mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo katika shajara yake, alijibu kwamba nchi imekwisha kupotea kwa vita. Ndipo walipoomba angalau ruhusa ya kuingia kuokota lozi chungu na kuchimba mizizi, vyakula vyao vya asili. Nao wakanyimwa, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba lozi hizo zilihitajiwa kwa kupandia ua.

Ndugu wajumbe, naomba tusipite hapa kwa haraka. Mbegu ya mlozi mwitu ina sumu, na Wakhoikhoi ndio waliokuwa na ujuzi wa kuiloweka na kuichoma hata ikalika. Chakula hicho ndicho kilichofukiwa katika ukanda wa ardhi uliolimwa kwa plau, pamoja na vichaka vya miiba, ili matawi yake, ambayo hutambaa na kusokotana, yawe kizuizi. Fauka ya hayo vikawekwa vibanda vya walinzi na askari wa farasi. Mtu mmoja aweza kujipenyeza katika kichaka, bali kundi la ng'ombe haliwezi kuswagwa humo, na hilo ndilo lililokuwa madhumuni: ng'ombe wa walowezi wasitolewe, na wa Wakhoikhoi wasirudi Liesbeek.

Masalio ya ua ule yangalipo hata leo katika bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, na wako wanaoueleza kuwa mpaka uliowekwa ili pande mbili zikae kwa salama. Siwezi kukubaliana nao, kwani mpaka wa namna hiyo ungezizuia pande zote mbili. Kufikia mwaka 1679 mji wa Stellenbosch ulikuwa umekwisha kuanzishwa mbali nje ya ua, na mifugo ya walowezi ikilishwa huko, ilhali malisho ya Liesbeek hayakurudishwa kwa wenyewe.