Jeni Iliyofungwa kwa Mtoto wa Selimundu



Mtoto wa selimundu huzaliwa mzima. Ananyonya, anacheka, ananenepa. Akifikisha miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu vinavimba, ukimgusa tu analia, na maneno yanaanza: jirani kamroga, ukoo wa mama una laana. Wakati selimundu ni kasoro ya jeni ya himoglobini ya damu, ambayo mtoto kairithi kwa baba na mama, wote wawili! Sasa mbona ilijificha nusu mwaka?

Jibu limo katika namna jeni zinavyofungwa. Vinasaba vya seli moja ukivinyoosha vinafika kama mita mbili. Vinaenea ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho kwa sababu vimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Palipokazwa sana, jeni hazisomeki. Palipolegea, zinafanya kazi.

Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, isiyo na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A husaidia kuifunga jeni yake, na ile ya ukubwani, yenye kasoro, inashika zamu. Ile ya kichanga haikufutika. Ipo, imebanwa.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya Casgevy, inayoizima BCL11A katika seli zinazozaa damu ili jeni ya himoglobini ya kichanga ifunguke tena. Ilipoidhinishwa, bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tuwaachie wenye nazo.

Letu sisi ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, nayo huongeza himoglobini hiyohiyo. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, vifo pia, na hata malaria. Na malaria, watu wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa.

Maoni yangu: mtoto apimwe selimundu anapoletwa chanjo, asisubiriwe mpaka vidole vivimbe, na dawa ishuke hadi vituo vya afya vya kata. Ila anayeimeza lazima apimwe damu mara kwa mara, maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Kwa hiyo nawauliza wanaopanga bajeti za halmashauri zetu: mashine ya kuhesabu chembe za damu imo?