Reli Ndogo Juu ya Meza

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za njia ya reli ambayo abiria wake hawajapata kushuka hata mara moja, wala injini zake hazijapata kunywa tone la maji. Na hata hivyo gari likichelewa dakika mbili, watu wazima hukunja uso. Ni reli ndogo, iliyojengwa juu ya meza ndani ya chumba. Wanaoiendesha ni watu wenye akili timamu: waalimu, mafundi, makasisi, na wazee waliotumika reli ya kweli maisha yao yote.

Najua yuko mmoja kwenu anayesema, "Huo ni mchezo wa watoto." Sitamgombeza, kwa kuwa nami nilisema hivyo, mpaka usiku mmoja nilipoaibika. Nitawasimulia.

Kwanza tupime. Huko Uingereza kipimo kimoja kinachopendwa sana ni cha milimita 4 kwa kila futi, yaani kila kitu hupunguzwa hata kikawa sehemu moja katika 76. Mtu mzima hatimizi inchi moja. Wengi wenu mmesimuliwa na wazee habari za zile injini kubwa za daraja la 59, zilizovuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, na zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Moja, iitwayo Mount Gelai, imewekwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Urefu wake wapita futi 100, na uzito wake ni kama tani 252. Ipunguzeni kwa kipimo hicho, na urefu wake utakuwa kama inchi 16, hata ingeweza kulala juu ya dawati la shule. Lakini uzito je? Urefu umegawanywa kwa 76, na upana vilevile, na kimo vilevile. Kwa hiyo uzito umegawanywa kwa 76 mara tatu, na tani 252 zinakuwa kitu cha nusu kilo na kidogo zaidi. Wanafunzi wahesabu wenyewe, wasiniamini bure. Ndiyo sababu mafundi hutia risasi tumboni mwa injini zao ndogo, zipate kushika reli.

Mvuke nao haukubali kupunguzwa hivyo kwa urahisi. Kwa hiyo injini hizo huendeshwa kwa umeme mdogo unaopita katika reli zenyewe. Basi mtu ataona gari la moshi lisilo na moshi.

Lakini kuna jambo moja lisilopunguzika kabisa, nalo ni saa. Dakika ni dakika, kwa mkubwa na kwa mdogo. Gari liendalo maili 30 kwa saa, likipunguzwa, huenda inchi 7 tu kwa sekunde moja. Mtoto aanzaye kutembea hulipita. Na maili moja ya kweli huwa futi 69 juu ya meza. Nani mwenye chumba cha futi 69? Basi safari ya maili kumi utaiweka wapi?

Jibu lao lilinipendeza. Hawaijengi safari, huijenga stesheni peke yake. Gari likiondoka, hupita chini ya daraja au ndani ya tundu la mlima, na nyuma yake kuna reli zilizofichwa, ambazo mtazamaji hazioni. Hapo gari hungoja. Kwa yule aliye stesheni, gari hilo limekwenda London, au pwani, au popote panapotajwa na ratiba. Saa yake ikifika, hurudi likiwa gari jingine lenye habari nyingine. Ni kama mchezo wa kuigiza: mtu akitoka jukwaani, sisi tulioketi twasadiki kwamba amekwenda mjini, ingawa twajua yuko nyuma ya pazia anakunywa chai.

Mmoja wa mabingwa wa kazi hii alikuwa kasisi wa Kiingereza, Peter Denny. Alianza katika miaka ya 1940, akaendelea kwa muda wa karibu miaka 50, akivunja na kujenga upya. Katika nchi yake palikuwa na kampuni ya reli iitwayo Great Central, iliyofungua njia yake kuu ya kuingia London mwaka 1899. Njia hiyo ilikatiza wilaya ya Buckinghamshire, lakini haikuingia mji wa Buckingham. Mji ule ulihudumiwa na kampuni nyingine. Bwana Denny alijiuliza: je, kama Great Central wangalitoa tawi la reli hata Buckingham, lingalikuwaje? Akalijenga tawi hilo juu ya meza, jinsi lingalivyokuwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, pamoja na mabehewa yake, taa zake na watu wake waliovaa kofia za siku zile. Kampuni yenyewe ilikoma mwishoni mwa 1922, ilipounganishwa na nyingine. Ile njia kuu ya kweli imefungwa sehemu kubwa, na stesheni ya kweli ya Buckingham ilipoteza abiria wake mwaka 1964. Ile ambayo haikupata kuwako duniani ikaendelea kupokea magari kwa saa zake.

Sasa nataka mwone kazi yenyewe, maana hapa ndipo mimi nilipozinduka. Siku hizi treni ikifika mwisho wa njia, mara nyingi dereva hutembea tu hadi chumba cha upande wa pili, akaondoka nayo. Siku za moshi haikuwezekana hivyo. Gari la abiria likiingia stesheni ya mwisho, injini ilikuwa mbele, pua yake imegusa karibu kizuizi, na mabehewa yamejaa nyuma yake; imefungwa kama mbuzi zizini. Lazima injini ya pili itoke ilikokuwa ikingoja, ije kwa nyuma, ifungwe katika mabehewa na kuyavuta mbali. Ndipo ile ya kwanza hupata nafasi ya kutoka. Nayo haiko tayari kwa safari: majivu yaondolewe, makaa yatiwe, maji yajazwe, kisha ipelekwe juu ya sahani kubwa ya chuma izunguke na kuzungushwa mpaka pua ielekee ilikotoka. Wakati huo huo gari la mizigo limefika, nalo limechanganyika: makaa ya mawe, ng'ombe, madebe ya maziwa, samani za mtu anayehama. Kila behewa lina mahali pake, na njia ya kulifikisha hapo ni moja tu, nayo inatumiwa na abiria.

Haya yote hufanywa juu ya meza, kwa utaratibu ule ule. Injini ndogo haihitaji maji, nami nimekwisha kuwaambia. Lakini husimamishwa kando ya bomba la maji, ikakaa hapo dakika zile ambazo injini ya kweli ingalikaa. Niliona mzee mmoja ameitazama saa yake, mkono umetulia, anaingojea injini isiyo na kiu imalize kunywa. Sikucheka. Katika reli za taifa za Uingereza safari ya mwisho ya moshi ilikuwa tarehe 11 Agosti 1968, na waliokuwa vijana siku ile ni wazee sasa. Kitabu chaweza kukuonyesha picha ya bomba la maji. Lakini kungoja, na jinsi kungoja huko kulivyozuia kila kitu kingine katika stesheni, hakuonekani katika picha.

Nije katika kengele. Kati ya stesheni na stesheni njia iligawanywa sehemu sehemu, na kila sehemu ilikuwa na mlinzi wake katika kibanda, mwenye vipini vya kuinua na kushusha ishara. Sheria ni moja: katika sehemu moja ya njia moja, gari moja tu. Walinzi hawakuonana, walisemezana kwa kengele. Pigo moja maana yake, "Nisikilize." Kisha mapigo matatu, kimya kidogo, na pigo moja: "Je, njia ni wazi kwa gari la abiria lisimamalo kila stesheni?" Likiwa gari la mbio, mapigo manne. Mwenzake, kama njia ni wazi, hurudia mapigo yale yale; na kama si wazi, hanyanyui mkono. Kimya ndicho kukataa. Gari likiondoka, mapigo mawili. Likifika salama, mawili na moja. Na mapigo sita mfululizo ni hatari: simamisha kila kitu. Njia hii iliwalazimu reli zote za abiria za nchi ile kwa sheria ya mwaka 1889, baada ya msiba wa Armagh, Ireland, ambapo watu wapatao 80, wengi wao watoto waliokwenda matembezi, waliuawa.

Bwana Denny naye alitumia kengele hizo katika Buckingham yake. Mwanawe alikuwa mlinzi wa upande wa pili. Mtoto alipokuwa hayupo, baba alitengeneza mashine ya kujibu kengele na kupokea magari badala yake, akaipa jina la mwanawe. Watu wengi wamesifu werevu wa mashine ile. Mimi nafikiri zaidi habari za jina lake.

Basi, niliwaahidi aibu yangu. Nilikuwa mgeni wa mzee mmoja huko Uingereza, aliyewahi kuwa mlinzi wa ishara kwa kweli, na reli yake ndogo ilikuwa katika chumba cha juu. Akanipa stesheni moja niilinde, yeye akashika ile ya pili upande wa pili wa ukuta. Akanipa na pete ndogo za chuma, akasema, "Ukiacha kitu chochote juu ya njia kuu, vika pete juu ya kipini cha ishara. Kipini kikivikwa pete, hakivutiki." Nikaitikia, nikaziweka mfukoni.

Nilikuwa nikipanga magari ya mizigo. Mawili ya makaa niliyaacha juu ya njia kuu, kwa dakika moja tu, nipate kulileta la tatu. Kengele ikalia, moja. Nikajibu. Tatu na moja. Masikio yangu yalifurahi kwamba yamefahamu, mkono ukarudia, tatu na moja. Macho hayakuulizwa. Nikavuta kipini, ishara ikashuka vizuri sana. Gari la abiria likatokea chini ya daraja, polepole, taa zake zinawaka, na ndipo nilipoyaona magari yangu mawili. Nilipaswa kupiga sita. Nilisahau kengele kabisa. Nilipiga kelele kwa kinywa changu, kama mtu aliyeona nyoka.

Gari moja la makaa lilianguka sakafuni, gurudumu likapinda. Mzee akaja. Hakunikemea, wala hakucheka. Alifungua daftari ambamo kila kengele huandikwa pamoja na saa yake, akaandika mstari mmoja. Kisha akauliza, "Pete ziko wapi, Bwana?" Nikazitoa mfukoni.

Akaketi akanisimulia habari za Quintinshill, huko Scotland, tarehe 22 Mei 1915. Asubuhi ile gari la abiria la vijijini lilisogezwa juu ya njia ya upande wa pili, kulipisha gari la mbio. Lilisimama karibu kabisa na kibanda. Mlinzi aliyekuwa akishika zamu alikuwa amefika kazini kwa gari lilo hilo. Mchochea moto wake alipanda kibandani, kama sheria ilivyotaka, kumkumbusha mlinzi kwamba wapo. Akatia sahihi katika daftari, akashuka. Pete haikuvikwa. Baada ya muda mfupi kengele ikauliza njia kwa gari lililojaa askari waendao vitani, na likakubaliwa. Liligonga gari lililosimama, na gari la mbio kutoka upande wa pili likaingia ndani ya magofu hayo, kisha moto ukashika mabehewa ya mbao. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao askari wa jeshi la Royal Scots. Walinzi wawili walifungwa gerezani.

Nilikuwa nimepata kusoma habari za ajali ile zamani, nikajiuliza, kama msomaji yeyote, mtu awezaje kulisahau gari zima lililo mbele ya macho yake, ambalo yeye mwenyewe amelipanda? Usiku ule sikuuliza. Nilikuwa nimesahau magari mawili yaliyokuwa futi mbili kutoka puani mwangu, hali pete zilikuwa zikinichoma paja.

Tuliendelea hata usiku ukawa mwingi, maana ratiba ilikuwa haijaisha, na mzee hakuwa mtu wa kuacha ratiba katikati. Nilivika pete kila mara, hata mahali pasipohitajika. Gari la mwisho lilifika likiwa limechelewa dakika nne; likaandikwa hivyo. Injini ikaenda zizini kwake, ikapita bombani kunywa. Kisha kutoka nyuma ya ukuta nikasikia kengele ambayo nilikuwa sijafundishwa: mapigo saba, kimya, matano, kimya, matano. Nikamwita kuuliza maana yake. Akasema, "Nafunga kibanda. Rudia hayo hayo, kisha uzime taa."