*VYOMBO VYA ULINZI NAVYO VISIMAMIWE: Maneno ya Kamati ya Tawi, Murongo*



Kwa ambao hamkufika kwenye mkutano wa tawi, haya ndiyo tuliyoyasema.

Sisi ni watu wa mpakani. Ng'ambo ya mto Kagera ni Uganda. Vyombo vya ulinzi tunavihitaji. Wazee wetu wanaikumbuka vita ya 1978. Lakini tunaikumbuka pia 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Kigoma na Geita kuondoa wahamiaji haramu. Mwenye ndugu pande zote mbili za mto anajua uzito wa kuulizwa uraia wake.

Mwaka huohuo ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Malalamiko yalipozidi, Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli iliwasikiliza wananchi. Taarifa yake ilieleza mateso, vifo na mifugo kuuawa. Desemba 2013 mawaziri wanne waliondoka, akiwemo Balozi Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini.

Kamati ikiamua, inaweza. Ila ile ilikuja watu wameshaumia. Tunataka usimamizi unaotangulia madhara.

Katiba, ibara ya 63(2), inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali na vyombo vyake *vyote*. Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ipo. Iliyobaki ni kuipa meno.

Wapo wanaosema, "Mambo ya usalama ni siri." Sawa, kamati ikae faragha. Marekani, Seneti iliunda kamati ya kudumu ya kusimamia ujasusi mwaka 1976, baada ya uchunguzi wa Seneta Frank Church. Majasusi wao wanaendelea na kazi hadi leo.

Hivyo tumeazimia kumpelekea mbunge wetu hoja tatu:

1. Sheria iilazimishe Idara ya Usalama wa Taifa kutoa taarifa kwa kamati kila mwaka, hata kwa faragha.
2. Kila operesheni ya mpakani ikiisha, kamati ifike na kusikiliza wananchi.
3. Wajumbe wa upinzani wawemo, wasiwe wa kuhesabika tu.

Ndugu, kusimamia si kuchukia. Askari mwadilifu hana cha kuogopa kamati, na mwananchi asiye na kosa asiwe na cha kuogopa askari.

Fikeni ofisi ya tawi kusaini barua. Msiandike humu majina ya askari wala ya waliolalamika. Hayo tutayapokea ana kwa ana.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Murongo.*