Mtoto Naye Ana cha Kutoa: Malezi ya Ukarimu Msimu wa Sikukuu Lodwar na Kakuma

Desemba inapokaribia, maduka ya Lodwar huchangamka. Malori kutoka Kitale hushusha unga wa ngano, mafuta ya kupikia, soda na marobota ya mitumba. Viatu vya watoto huning'inizwa milangoni, na redio humkumbusha mzazi kutwa nzima kwamba sikukuu ni kununua. Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kwa barabara, pilikapilika kama hizo huonekana pia Idi inapowadia.

Mahubiri ya kulaani ununuzi yanayofaa miji tajiri hayatatufaa hapa. Mtoto anayepata nguo mpya mara moja kwa mwaka, na chapati siku ya Krismasi, hana ulafi wowote. Watoto wengi wa hapa wametoka katika ukame ulioanza 2020, misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya kutosha na zizi likabaki tupu. Waacheni wafurahi. Swali linalowahusu walimu, wazazi na viongozi wa dini ni jingine: mtoto atajifunzaje kutoa, ikiwa kila kinachotolewa mbele ya macho yake kimenunuliwa na mtu mzima, kikafungwa na mtu mzima, kikakabidhiwa huku picha zikipigwa?

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Kizazi kizima kimezaliwa na kukulia katika foleni ya mgao wa chakula. Mpango wa Bamba Chakula, ulioanza 2015, uliipa familia nafasi ya kuchagua chakula dukani kwa kutumia simu, na hilo lilirudisha heshima fulani. Kisha mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likapungukiwa fedha, na mgao ukashuka hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini kinachohitajika. Katika hali hiyo mtoto hujijengea picha ya dunia: kuna watu wa kutoa na kuna watu wa kupokea, naye ni wa kupokea. Mwenzake wa Lodwar anayepelekwa kambini na vifurushi hujengewa picha ileile kutoka upande wa pili. Wote wawili wamedanganywa.

Wamedanganywa kwa sababu maisha ya hapa Turkana hayako hivyo. Akina mama wa Kiturkana hupeleka kuni na makaa kambini na kurudi nyumbani na nafaka. Mbuzi wa mfugaji huishia kwenye sufuria ya mkimbizi. Hata kabla ya kambi, mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu Waturkana na Wajie, alieleza jinsi mwanamume alivyotegemea mtandao wa jamaa, wakwe na marafiki. Akioa, aliwaomba mifugo. Wao nao wakihitaji, walikuwa na haki ya kumwomba, wala hakuna aliyeona aibu. Katika akiriket, karamu ya nyama ambapo wanaume huketi nusu duara kwa kufuata rika, mnyama wa mtu mmoja huliwa na wote.

Waislamu wa Kakuma wana somo lao, tena limepimwa. Zakatulfitri ni pishi moja ya chakula, takriban kilo 2.5, kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga, na hutolewa kabla ya swala ya Idi ili maskini naye asherehekee siku hiyohiyo. Mzazi anaweza kumpa mtoto kibaba apime fungu lake mwenyewe na kulipeleka kwa jirani. Dakika chache tu, lakini mkono wake umeshiriki.

Utafiti unaunga mkono kumpa mtoto nafasi ya kutoa. Mwaka 2012, Lara Aknin na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba watoto walio chini ya miaka miwili walifurahi zaidi walipogawa vitafunio kuliko walipopewa, na furaha ilizidi walipotoa vilivyo vyao. Nchini Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello walikuwa wamegundua mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliotuzwa kwa kusaidia walipunguza kusaidia baadaye. Basi zile peremende za kumpongeza mtoto mkarimu ziwekwe kando.

Kinachopendekezwa kwa likizo ijayo hakihitaji bajeti. Mtoto achague mwenyewe kitu chake, hata kama ni kalamu au nusu ya chapati, na aruhusiwe kukataa. Simu za kupiga picha zibaki mfukoni. Shule za makazi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, ambako watoto wa wenyeji na wa wakimbizi husoma darasa moja, ndizo zinazofaa kuanza. Huko ziara za kupeleka misaada zigeuzwe ziara za kutembeleana: leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kila anayetembelewa aandae cha kumpa mgeni, iwe mchezo, wimbo, maneno machache ya lugha yake au kusukana nywele. Mwalimu anayepanga ziara amuulize kwanza mtoto wa kambini angependa kutoa nini.